Tarishi wa Tarrabin

Garth Pfitzner hakuwa mtu mbaya. Mkewe Colleen, ambaye ndiye angekuwa na haki ya kulalamika kuliko wote, alisema mumewe ana moyo mzuri tu, ila maneno yakishatoka moyoni hukwama kooni, yanayofika mdomoni ni makapi. Ngano ikistawi mpaka majirani wanasimamisha magari kuitazama, yeye husema, "Si haba." Siku binti yao anaolewa, amevaa gauni la bibi yake na kanisa zima linajipangusa macho, Garth alimtazama juu mpaka chini akasema, "Limekutosha." Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa watoto wa chini ya miaka kumi na nne wa klabu ya mji mdogo wa Tarrabin awafundishe mpira.

Alipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali. Timu ilikuwa imemaliza msimu uliopita bila kushinda hata mechi moja, na kocha wake alikuwa amehamia mjini ghafla, eti kazi, ingawa hapakuwa na mtu aliyemwamini. Wavulana na wasichana walicheza pamoja, kama ilivyo kwenye miji midogo isiyo na watoto wa kuchagua. Mmoja amerefuka mpaka hajui miguu yake inaishia wapi, mwingine jezi inamfika magotini.

Lakini tukiuweka ulimi pembeni, Garth alikuwa na kichwa. Mavuno yalipokwisha, joto lote lile, alishinda jikoni mbele ya mlango wa friji, akipanga na kupangua sumaku za Colleen zenye maumbo ya matunda. Ndizi ilikuwa Tamsin Obst, kabinti kembamba kanakocheza nyuma kabisa, karibu na goli. Tikiti maji ni Dougie Rasch, yule mrefu, anayeruka katikati mwamuzi anaporusha mpira juu. Nanasi ni nahodha, Jarrah Kirby, mtoto asiye na maneno mengi ambaye huwa ameshafika mahali kabla mpira haujaamua kwenda huko. Colleen akifungua friji kutoa maziwa, timu nzima inageukia ukutani, na Garth anapiga kelele kama kaibiwa.

Hapo ndipo ulipozaliwa mpango wake. Katika mpira huu wa umbo la yai, kila upande una nguzo nne. Ukipitisha mpira kati ya zile mbili ndefu za katikati unapata pointi sita. Ukikosa kidogo, ukapita pembeni yake, unapewa pointi moja ya kufutwa machozi, na wapinzani wanauanzisha upya kutoka golini kwao. Garth aliona kwamba pale wanapouanzisha ndipo pa kuwanasa. Timu yake ingejibana upande wa kulia na kuuacha wa kushoto wazi, kama kwa uzembe. Wapinzani wataona upenyo, watakimbilia huko, na wakishaingia wanafungiwa. Mpango huo aliuita Kanda ya Tatu, Egemeo Kushoto. Aliwaeleza watoto ubaoni, kwa mishale ya rangi tatu, nao wakaitikia kwa vichwa kama watu wanaosikiliza hotuba ya serikali.

Uwanja wenyewe ni mpana kama shamba, upepo wa tambarare unakula sauti, na kocha haruhusiwi kuingia ndani mpira ukichezwa. Kwa hiyo kila timu ina tarishi wake, mtu mzima mwenye fulana ya rangi kali anayekimbia kupeleka maneno ya kocha kwa mchezaji, kisha anatoka mbio kabla mwamuzi hajamfokea. Tarishi wa Tarrabin alikuwa Merv Tully, kaka yake Colleen, mwoka mikate na pai za nyama wa mji ule, mwanamume ambaye tumbo lake lilifika kila mahali kabla yake. Alikimbia vizuri ajabu kwa mtu wa umbo lile.

"Merv!" Garth angepiga kelele kutoka ukingoni. "Kamwambie Dougie aache kusimama kama kigingi cha uzio! Anangoja nini kuruka, Krismasi?"

"Nimesikia, shemeji."

Merv alikimbia. Alimwekea Dougie mkono begani, akamwinamia, akasema naye. Dougie akaitikia kwa kichwa, akatabasamu mpaka masikioni, na mpira uliofuata aliurukia kana kwamba kuna mtu kamkatia kamba iliyomfunga chini.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Mbona anacheka?"

"Labda kajiona alivyokuwa, shemeji."

"Na maneno machache yale yalihitaji muda wote ule?"

"Upepo huu, bwana. Lazima urudie mara mbili mbili."

Wakashinda mechi ya kwanza, mji ukasema bahati. Wakashinda ya pili na ya tatu, mji ukanyamaza. Majira ya baridi yalipofika katikati, Tarrabin walikuwa wanafunga watu ambao mwaka uliopita waliwafunga mpaka wakawahurumia. Ile Kanda ya Tatu ilifanya kazi kama mtego wa panya. Garth kichwa kikamvimba. Kwenye baa alisimama na bia yake akitoa darsa kwa yeyote aliyeuliza na kwa wengi ambao hawakuuliza.

"Una dawa gani, Garth?" wakamwuliza.

"Ukweli," akasema. "Watoto wa siku hizi wanabembelezwa mno. Mimi namwambia mtu ukweli wake, mkavu, bila sukari. Atacheza tu."

Merv, aliyekuwa amekaa kando yake, akapaliwa na bia mpaka ikabidi apigwe mgongoni.

Lipo jambo moja Garth hakulielewa. Watoto walianza kumpenda. Tamsin alimpungia mkono kutoka dirisha la gari la mama yake kila walipopishana barabarani. Dougie alibaki baada ya mazoezi kumsaidia kukusanya mipira, na alipenda tu kusimama karibu naye bila kusema kitu. Bibi yake Jarrah alimpelekea keki, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Asante kwa unavyosema na mjukuu wangu." Garth alijaribu kukumbuka alichowahi kusema na mjukuu wake, hakukumbuka kitu. Akaila keki. Alijiambia kwamba labda ndivyo watoto wanavyokuwa wakizoea kushinda, lakini zile salamu za mikono alianza kuzisubiri, na siku gari la akina Obst lilipopita Tamsin amelala, alifika nyumbani amenuna.

Mwishoni mwa msimu wakaingia fainali dhidi ya Lake Orrin.

Mtu asiyeishi kule hawezi kujua bendera ile ya ubingwa ni nini. Mara ya mwisho watoto wa Tarrabin kuitwaa, Colleen alikuwa bado anasuka nywele mikia miwili kwenda shule, na nondo walikuwa wameshaila nusu ukutani kwenye ukumbi wa klabu. Garth aliitaka bendera ile mpaka hakulala. Alfajiri Colleen alimkuta jikoni, ameshika tikiti maji mkononi, anatazama friji.

"Leo ukiwafokea wale watoto, nakula chakula cha mchana na watu wa Lake Orrin," Colleen akamwambia.

"Siwafokei. Nawaelekeza."

"Mbwa wanajificha chini ya gari ukielekeza."

Uwanja ulikuwa wa mji wa tatu, usio wa huyu wala yule. Magari yalipangwa pua kwa uzio kuuzunguka wote, na kila mara mtu akifunga, upande wake ulipiga honi mpaka ndege wakaruka kutoka mitini. Nusu ya kwanza Tarrabin walicheza vizuri, na Merv alikimbia kama kijana. Lake Orrin nao hawakuwa watu wa kuchezea. Robo ya tatu ilipoanza walikuwa wamekaribiana kabisa, na upepo ukazidi.

"Merv! Tamsin amelala kule nyuma! Mwambie hapa si kitandani kwao! Kanda ya Tatu, na ashuke nyuma kidogo!"

Merv akaondoka. Hakufika. Katikati ya safari alishika paja lake kwa nyuma, akarukaruka kwa mguu mmoja, akaketi kwenye nyasi akasema neno ambalo mama wote waliokuwa uzioni walijifanya hawakulisikia. Wakamtoa wawili, mmoja kila kwapa.

"Nani atakimbia?" Garth akauliza, akiangaza huku na huku. Mwenye maji alikuwa na maji, mwenye kufunga bandeji alikuwa na Merv, na wazazi wengine wote walikuwa wanakula.

Colleen alishamvua kaka yake ile fulana ya rangi ya waridi. Akamtupia mumewe. "Kimbia wewe. Ubao nitaushika mimi. Kwanza hayo matunda uliyoyabandika juu yake ni yangu."

Garth akaivaa. Ilikuwa na jasho la Merv na nafasi ya mtu mwingine ndani yake. Akakimbia kuvuka uwanja akipeperuka kama pazia mpaka akamfikia Tamsin.

"Kanda ya Tatu, Egemeo Kushoto!" akahema. "Na ushuke nyuma!"

Tamsin akamkodolea macho. "Ile ya ubaoni?"

"Ndiyo ile ya ubaoni! Ipi nyingine?"

"Ile mimi sikuielewa hata siku moja, Kocha."

"Hukuielewa? Mnaifanya kila wiki!"

"Sisi? Sisi tunafunga geti la kondoo."

"Geti gani?"

Tamsin akamtazama kama anayemwonea huruma mzee aliyesahau jina lake. "Si wewe mwenyewe unayemtuma Mjomba Merv? 'Kocha anasema waacheni kondoo waingie zizini, halafu fungeni geti.' Na mimi ndiye mbwa. Unasema mimi ndiye mbwa bora uliyewahi kuwa naye."

Kuna nchi ambako ukimwita mtoto wa watu mbwa utaitwa barazani ukajieleze. Mtoto wa Tarrabin amekua akimwona mbwa mmoja mzuri akikusanya kondoo kilima kizima peke yake, akijua pa kusimama na pa kulala, akisikiliza mluzi wa bwana wake kutoka mbali. Kule hakuna sifa inayoipita hiyo, na mtu huitoa mara moja au mbili maishani. Garth hakuwa ameitoa hata mara moja.

"Tarishi, toka!" mwamuzi akafoka.

Garth akatoka, lakini njia yake ilimpitisha kwa Dougie, aliyeinama mikono magotini akivuta pumzi.

"Kocha," Dougie akasema, kwa sauti ya chini, uso umemwiva, "leo hujanitumia lile."

"Lile lipi?"

"Lile la kaka yako. Kwamba naruka kama Roy."

Garth alisimama pale pale, mpira ukampita karibu na sikio. Roy Pfitzner alikuwa mrukaji wa katikati wa Tarrabin enzi zile, na alifariki kijana kabisa, kabla Dougie hajazaliwa, kabla hata mama yake Dougie hajaolewa. Garth hakuwa na kawaida ya kulitaja jina lile. Na ilikuwa kweli. Siku ya kwanza ya mazoezi, Dougie alipoinyoosha ile mikono yake mirefu hewani, Garth ilimbidi ageuke, ajifanye anatafuta filimbi mfukoni.

"Tarishi! Mara ya mwisho nakwambia!"

Merv alikuwa amekaa juu ya sanduku la maji, mguu umenyooshwa, mfuko wa barafu chini ya paja. Aliuona uso wa shemeji yake unakuja akajua.

"Msimu mzima!" Garth akasema. "Msimu mzima, Merv, hukupeleka hata neno langu moja?"

"Nimeyapeleka yote. Mpango ni wako, shemeji, nani mwingine angeuwaza? Mimi nilibadilisha matamshi tu."

"Matamshi! Mimi nilisema kigingi cha uzio!"

"Ndiyo. Sasa mtoto wa miaka kumi na tatu, miguu imemrefuka kuliko akili, anajiona kituko kila akipita kwenye kioo, mimi nikamwambie wewe ni kigingi? Mama yake ndiye ananiletea mayai, Garth."

"Umeniwekea uongo mdomoni!"

Merv akauweka vizuri mfuko wa barafu, bila haraka. "Uongo? Haya. Nitajie mmoja."

Garth akaanza kuwahesabu kichwani mmoja mmoja. Kwa Tamsin, ni kweli yeye Garth hakuwa amewahi kuona mtoto anayeusoma mchezo kutoka nyuma namna ile. Kwa Dougie, lilikuwa lile la Roy, nalo kweli. "Jarrah ulimwambia nini?" akauliza.

"Kwamba ukimtazama unaona raha tu, hata tukifungwa."

Na hilo nalo lilikuwa kweli. Garth alipekua kichwa chake chote kutafuta uongo mmoja wa kumkamata nao shemeji yake, akaukosa, na hasira ikamwishia ikaacha kitu kibaya zaidi, nacho ni hofu. Zile salamu za dirishani, ile mipira iliyokusanywa jioni, keki, mikono miwili ya bibi wa watu, vyote vilikuwa malipo ya maneno ya Merv. Watoto walimpenda mtu ambaye hawajawahi kumsikia. Na bado robo nzima ilikuwa mbele yake, yeye ndiye tarishi, na mdomo ulikuwa ule ule wake.

"Kwa nini hawakushangaa?" akauliza. "Nawafokea mapumzikoni kila siku."

"Nilishamwuliza Dougie. Anasema wanajua unaona haya kuwasifu mbele ya wazazi."

Colleen, aliyekuwa ameubana ubao kwapani, akaangua kicheko mpaka ndizi ikadondoka.

King'ora kikalia, robo ya tatu ikaisha, na watoto wakakusanyika kumzunguka wakinyonya vipande vya machungwa. Walikuwa nyuma kwa pointi chache na robo ya mwisho wangecheza upepo ukiwapiga usoni. Garth akawatazama wote, wanamtazama. Kawaida hapo ndipo angeanza kufoka. Akakohoa.

"Geti la kondoo," akasema. "Mnalijua. Pasi fupi fupi, mpira usipande juu, upepo utaula." Akakohoa tena. "Basi. Kunyweni maji."

"Kocha anaumwa?" akasikia mmoja akimnong'oneza mwenzake.

Robo ile ya mwisho watu wa Tarrabin wanaisimulia mpaka leo, na kila anayesimulia anaongeza chake. Mimi nasema yale tu ambayo hayana ubishi. Watoto walicheza chini chini, wakipitishiana mpira kwa kuupiga ngumi, ndivyo pasi ya mkono ilivyo katika mchezo huu, kama watu wanaouficha. Wakarudisha pointi zote wakaongoza. Honi zikalia. Kisha, muda ukiwa unakatika, Lake Orrin wakapiga mpira mrefu wa juu na upepo wao, ukaenda moja kwa moja kwa Tamsin aliyesimama peke yake mbele ya goli. Ulikuwa mpira wa kudaka tu. Akaruka, ukamgonga viganja, ukaponyoka, na mshambuliaji wao akauokota akausukumia kati ya nguzo ndefu. Honi za upande wa pili zikapasuka. Lake Orrin mbele kwa pointi moja.

Tamsin alibaki amesimama akiitazama mikono yake.

Garth alishaanza kukimbia kabla hajajua anakwenda kusema nini. Fulana ya waridi ikimpiga mapajani, akawaza maneno ya Merv, akawaza angesema nini Merv, hakuna lililokuja. Akafika.

"Umekuja kunitoa?" Tamsin akauliza. Kidevu kilikuwa kinamcheza.

"Hapana."

Mwamuzi alikuwa ameshaanza kuwageukia.

"Sikutoi," Garth akasema. Kila neno lilikuwa kama kung'oa kisiki. "Hapa nyuma simtaki mwingine. Ningepewa kuchagua nchi nzima, simtaki mwingine. Nakutaka wewe. Sasa... basi. Na kamasi zinakutoka, futa."

Tamsin akafuta kwa mkono wa jezi. Kisha akacheka, kicheko kidogo chenye machozi, na Garth akageuka akakimbia kabla hajaonekana uso.

Dougie akaurukia mpira uliofuata, juu ya kijana wa Lake Orrin aliyemzidi kimo, akaupiga kuelekea kwa Jarrah. Jarrah akakimbia nao, akapiga, na upepo ukaubeba pembeni. Pointi moja. Wamelingana. Lake Orrin wakachukua mpira kuuanzisha kutoka golini kwao, na kila mtu pale uwanjani aliweza kuona kwamba kushoto pako wazi kabisa.

Garth alikuwa amesimama ukingoni. Kukimbia asingewahi, sauti isingefika. Akatia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi, ule wa malishoni, mrefu kisha unashuka. Mbwa wote waliokuwa wamelala nyuma ya pikapu, kuuzunguka uwanja mzima, wakasimama kwa pamoja masikio juu. Na watoto wa Tarrabin wakafunga geti.

Lake Orrin walikuwa wameshaingia. Mwenye mpira akaona njia imejaa, akababaika, akaupiga juu na mbele ilimradi uondoke. Na kutoka kule nyuma, akiwa ameliacha goli lake mbali mgongoni bila kuogopa, Tamsin Obst akaja mbio, akaruka juu ya mabega ya watu, akaudaka kwa viganja vile vile viwili. Hakungoja kushangiliwa. Akampigia Dougie pasi fupi, Dougie akampigia Jarrah, Jarrah akaukumbatia kifuani, na king'ora kikalia.

Ukiwa umeudaka kabla ya king'ora unaruhusiwa kupiga. Hata walaji waliacha kutafuna. Jarrah akarudi nyuma, akatazama nguzo, akaja taratibu, akapiga. Mpira ulikwenda vizuri, vizuri, halafu ule upepo ukausukuma tena kama mtu mwenye wivu, ukapita nje ya nguzo ndefu.

Alikuwa amekosa. Pointi moja. Tarrabin wameshinda.

Kuna mchezo gani mwingine duniani utakaokupa ubingwa kwa kukosa mara mbili? Honi zilipigwa mpaka betri ya gari moja ikafa. Jarrah alilala chali kwenye nyasi akicheka, wenzake wakamrundikia. Bibi yake aliingia uwanjani na kiti chake cha kukunja mkononi, akisahau kukiacha. Colleen alimkumbatia mumewe na ubao ukiwa katikati yao, matunda yakamwagika yote.

Baadaye wakagawiwa medali, bendera ikatolewa, na kocha wa washindi akaitwa kwenye kipaza sauti. Garth bado alikuwa na fulana ya waridi. Akawashukuru Lake Orrin, waamuzi, na kina mama wa kantini. Kisha akawageukia watoto wake, waliokaa chini kwenye nyasi na medali shingoni, na hapo maneno yakamwishia. Akainama upande wa Merv, aliyekuwa amekaa karibu na mguu wake umenyooshwa.

"Shemeji," akanong'ona, "waambie..."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Sauti ilizunguka uwanja wote, na watu wakacheka.

"Mguu umekufa, bwana," Merv akasema kwa sauti. "Safari hii sema mwenyewe."

Watoto wakaanza kupiga makofi. "Sema mwenyewe! Sema mwenyewe!" Garth akakiweka kipaza sauti chini. Akashuka, akaenda mpaka pale walipokaa, akachuchumaa mbele ya yule mrefu, magoti yakilia.

"Dougie," akasema. "Unaruka kama kaka yangu Roy."

"Najua, Kocha," Dougie akasema, akitabasamu. "Ulishaniambia."

"Hapana," Garth akasema. "Sikukuambia. Ndiyo nakuambia sasa."

Dougie akamtazama, tabasamu likatulia polepole, kama mtu anayesikia kitu kwa mara ya kwanza. Garth akamshika bega, akakaa hivyo kidogo, kisha akamsogelea aliyefuata.